Wosia wa Bergson na Maandiko ya Wasikilizaji Wake

Katika mwezi wa Februari mwaka 1937, mzee mmoja wa mji wa Paris, katika nchi ya Ufaransa, aliandika wosia wake. Jina lake ni Henri Bergson. Umri wake ulikuwa miaka 77, na ugonjwa wa baridi yabisi ulikuwa umemkaza viungo hata kutembea kukawa taabu kwake. Huyu hakuwa mtu mdogo. Kazi yake ilikuwa falsafa, ndiyo elimu ichunguzayo asili ya mambo na maana yake, na sifa zake zilikuwa zimevuka bahari. Tuzo ya Nobel ya fasihi ya mwaka 1927 alipewa yeye.

Mtu aandikapo wosia, kwa desturi hugawa alivyo navyo: shamba kwa huyu, nyumba kwa yule, deni lilipwe, mjane atunzwe. Bergson alikuwa na jambo jingine moyoni. Alihofia maneno yake. Aliandika ya kuwa yote aliyotaka kuwapa watu amekwisha kuyapiga chapa yeye mwenyewe katika uhai wake. Basi akakataza kwa nguvu mtu yeyote asipige chapa mswada wowote utakaoonekana katika karatasi zake, wala sehemu ya mswada. Tena akaenda mbele zaidi: akakataza yasipigwe chapa hata mafundisho aliyoyatoa kwa mdomo, ikiwa msikilizaji fulani aliyaandika na kuyaweka.

Alikufa tarehe 4 Januari 1941, majeshi ya Ujerumani yakiwa yameukalia mji wa Paris, akazikwa Garches, nje kidogo ya mji. Mjane wake alilishika neno la mumewe, karatasi zikatiwa motoni. Mtu angedhani habari imekwisha hapo. Walakini leo mtu ajuaye Kifaransa, akienda kwa muuza vitabu, aweza kununua mafundisho ambayo Bergson aliyasema kwa mdomo wake tangu mwaka 1902 hata 1905, somo baada ya somo. Yalitoka wapi, ikiwa karatasi zilichomwa? Na hao walioyatoa, walikuwa na haki gani? Ndiyo habari niitakayo kuisimulia, kwa kuwa ni habari ya walimu na wanafunzi, na wengi wetu tumekaa upande mmoja au upande wa pili wa meza hiyo.

Yafaa kwanza msomaji apajue mahali penyewe. Mwaka 1530 mfalme François wa Kwanza wa Ufaransa aliweka walimu wake mwenyewe, wafundishe Kiebrania na Kiyunani na elimu nyingine ambazo Chuo Kikuu cha Paris hakikuzijali wakati ule. Ndiyo asili ya chuo kiitwacho Collège de France, nacho kingaliko hata leo. Hapo hapana mtihani, hapana ada, wala hapana hati ya kuhitimu. Mlango u wazi kwa kila mtu: mwanafunzi, mzee, mgeni apitaye njiani, hata mtu aliyeingia kujikinga na mvua. Lakini mwalimu ana sharti lake. Haimpasi kurudia kila mwaka yale yale. Sharti afundishe jambo analolichunguza wakati huo huo. Kwa hiyo kusikiliza somo pale ni kumtazama mkulima akilima, wala si kuoneshwa ghala lililojaa mavuno ya mwaka jana. Mengi husemwa pale ambayo hayajaandikwa kitabuni, na mengine hayataandikwa kamwe.

Bergson alipewa kiti chake huko mwaka 1900. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa vijana katika shule za Angers, Clermont-Ferrand na Paris yenyewe. Somo lake kubwa lilikuwa siku ya Ijumaa, na watu walilijia kwa wingi hata ukumbi ukawashinda. Yasimuliwa ya kuwa mabibi wenye mali waliwatuma watumishi wao mapema kuwashikia nafasi, na watumishi hao wakaketi wakisikiliza somo la mwalimu mwingine aliyetangulia, wasielewe hata neno moja, mradi kiti kisipotee. Wanafunzi maskini, ambao ndio waliokuwa na njaa ya elimu, walisimama ukutani au nje ya mlango.

Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo kijana aitwaye Charles Péguy. Babaye alikufa yeye angali mtoto mchanga, na mamaye alimlea mjini Orléans kwa kazi ya kusuka viti vya majani. Péguy alikuwa na kiduka chake cha vitabu karibu na Sorbonne, na tangu mwaka 1900 alitoa gazeti liitwalo Cahiers de la Quinzaine. Gazeti hilo lilimpa heshima, lakini halikumpa fedha. Miaka yote alihangaika na madeni. Shughuli zilipomzuia asiende mwenyewe kumsikiliza Bergson, aliwapeleka ndugu wawili wa jamaa ya Corcos, waliokuwa mafundi wa mwandiko wa mkato.

Labda msomaji hajapata kuuona mwandiko huo. Hauna herufi kama zetu. Una vijistari na vikunjo vidogo vifuatavyo sauti ya mnenaji, navyo huandikwa kwa upesi wa ulimi. Baadaye fundi huketi akavifumbua, akiandika upya kwa herufi za kawaida. Aliye hodari hupata karibu kila neno. Hatari yake ni moja: sikio lake likikosa, hasa katika majina ya Wayunani wa kale na maneno magumu ya elimu, huandika kwa uaminifu neno ambalo halikusemwa. Tena kazi hiyo hulipwa. Nami nimelifikiri sana jambo hilo. Mtu mwenye madeni, atakapo kupunguza matumizi, huanza na yale yasiyo ya lazima. Péguy hakuyahesabu maneno ya mwalimu wake kuwa katika hayo.

Kwa nini aliyathamini hivi? Jibu moja laonekana katika habari ya vijana wawili aliowachukua kwenda huko. Mmoja ni Jacques Maritain. Wa pili ni Raïssa Oumansoff, binti wa Kiyahudi aliyezaliwa Urusi. Wote wawili walikuwa wanafunzi wa Sorbonne. Walimu wao waliwafundisha kupima na kuhesabu, lakini walipouliza kama maisha ya mwanadamu yana maana yoyote, hawakupata wa kuwajibu. Siku moja wakitembea katika bustani ya mimea iitwayo Jardin des Plantes, waliagana agano la kutisha. Walijipa muda kidogo wa kutafuta. Wasipoiona maana hiyo, wangejiua wote wawili, wangali katika ujana wao. Ndipo Péguy akawapeleka kwa Bergson. Huko walimsikia mtu mwenye elimu kamili akisema kwamba moyo wa mwanadamu waweza kuufikia ukweli wenyewe, wala haukufungiwa katika vipimo na hesabu. Lile agano la mauti wakaliacha. Walioana mwaka 1904, na tarehe 11 Juni 1906 wakabatizwa.

Msomaji asidhani ya kuwa habari ilinyoka tangu hapo. Jacques Maritain, alipokwisha kuwa Mkatoliki na mwanafalsafa, aliyapinga mafundisho ya Bergson katika kitabu kizima alichokitoa mwaka 1914. Na mwaka uo huo, mwezi wa Juni, Roma iliviweka vitabu vitatu vya Bergson katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Mtu aliyewatoa vijana wawili katika kiza hicho, vitabu vyake vikakatazwa na Kanisa lile lile walilofikia! Miezi mitatu baadaye, tarehe 5 Septemba, Péguy aliuawa vitani karibu na kijiji cha Villeroy, umri wake miaka 41.

Raïssa aliyaandika hayo ya bustani na ya Ijumaa katika kitabu cha kumbukumbu zake, kilichotoka mwaka 1941. Miaka arobaini ilikuwa imepita. Hapo mwenye kuchunguza mambo ya kale hana budi kuwa na hadhari. Raïssa ni shahidi mwaminifu wa jambo moja, nalo ni yale maneno yaliyomtendea. Lakini ukitaka kujua Bergson alisema nini hasa juu ya wakati, au juu ya uhuru wa mwanadamu, kumbukumbu hiyo haitoshi, kwa sababu moyo ukiisha kushiba hausemi chakula kilipikwaje. Yakubidi uwaendee wale ndugu wawili na vikunjo vyao.

Kazi yao imehifadhiwa katika maktaba ya Jacques Doucet, katika uwanja wa Panthéon mjini Paris. Doucet huyo alikuwa fundi mkubwa wa nguo za mabibi, aliyetajirika kwa hariri na lesi, kisha akautumia utajiri wake kukusanya vitabu na miswada; alipokufa mwaka 1929 maktaba ikawa ya Chuo Kikuu cha Paris. Vitabu vya Bergson mwenyewe vimo humo. Basi moto ulikula yaliyokuwa nyumbani, lakini maandiko yaliyotokana na fedha ya Péguy yalibaki. Mwaka 2016 yalipigwa chapa mafundisho ya 1902 hata 1903 juu ya historia ya fikira ya wakati. Mwaka 2017 yakafuata ya 1904 hata 1905 juu ya uhuru. Mwaka 2018 yakatoka yale ya katikati, juu ya kumbukumbu.

Hayo hayakuwa ya kwanza kuuvunja wosia. Tangu mwaka 1990 hata 2000 mwanafalsafa Henri Hude alikwisha kutoa vitabu vinne vya mafundisho ya Bergson, vilivyotoka katika daftari za vijana aliowafundisha shuleni. Miongoni mwao wamo wale wa Clermont-Ferrand waliomsikiliza mwaka 1887 na 1888. Udhuru wake ulikuwa huu: kwamba kitabu hicho hakisemi, Bergson ameandika, husema, hivi ndivyo wanafunzi walivyosikia.

Nimesema daftari za wanafunzi, na hapa kila mwalimu atatikisa kichwa. Nilipata kufundisha habari za kale kwa miaka kadhaa. Siku moja, darasa likiwa limesinzia kwa joto la alasiri, nilisema kwa mzaha kwamba mfalme fulani alipenda usingizi kuliko vita. Nilipokusanya daftari, wanafunzi wanane walikuwa wameliandika neno hilo na kulipigia mstari, na sababu za vita vyenyewe, nilizozieleza kwa nusu saa, hazimo. Ingekuwa nimekufa wiki ile, na watu wakataka kujua mafundisho yangu, ningalikuwa mwalimu wa usingizi. Kwa hiyo naielewa hofu ya Bergson. Maneno ya darasani husemwa kwa watu hawa, saa hii, na mengine ni ngazi tu ya kupandia; mwalimu akiisha kufika juu, huiondoa.

Lakini daftari za wanafunzi zaweza pia kuwa neema. Simone Weil, mwalimu wa kike mwenye akili kali, alifundisha falsafa katika shule ya wasichana mjini Roanne mwaka 1933 hata 1934. Alikufa Ashford, Uingereza, mwaka 1943, umri wake miaka 34, asipate kutoa hata kitabu kimoja. Binti mmoja katika darasa lile la Roanne alikuwa ameyaandika masomo yake kwa uangalifu, akayaweka, na mwaka 1959 yakapigwa chapa. Leo tukitaka kumwona Simone Weil akifundisha, kwa maneno mepesi yawafaayo wasichana wa shule, hatuna dirisha jingine ila daftari hiyo. Yeye hakuandika wosia wa kukataza.

Narudi kwa Bergson, aliyekataza. Watetezi wa vitabu vile vipya wana hoja nyingi, na baadhi yake ni dhaifu. Kusema kwamba dunia inavihitaji si hoja. Hata mwizi huhitaji. Lakini iko moja iliyonishika. Mwaka 1907 Bergson alitoa kitabu chake kikubwa kuliko vyote, L'Évolution créatrice. Katika sura ya nne, chini ya ukurasa, ameweka maelezo mafupi kumwambia msomaji kwamba sehemu ile ya sura ihusuyo historia ya falsafa ni muhtasari tu wa mambo aliyoyaeleza kwa urefu katika Collège de France, hasa katika mafundisho ya 1902 hata 1903 juu ya fikira ya wakati. Basi ni yeye mwenyewe aliyenyosha kidole. Mtu akikuambia, nimefupisha hapa yale niliyoyasema kwa urefu kule, si ajabu ukatamani kwenda kule. Na kule, kwa miaka mia na zaidi, palikuwa mahali pasipo mlango, mpaka mafundisho yale yale yalipotolewa mwaka 2016.

Jambo jingine ni hili. Wosia ule ule una maneno ya aina nyingine kabisa. Bergson alizaliwa Myahudi. Aliandika humo kwamba fikira zake zilikuwa zimemleta karibu zaidi na zaidi na Ukatoliki, naye aliuona kuwa ni utimilifu wa dini ya Kiyahudi. Angaliingia Kanisani, kama asingaliona chuki kubwa juu ya Wayahudi ikiinuka na kutaka kuifunika dunia. Alitaka kubaki pamoja na wale watakaoteswa kesho. Akaomba tu kwamba padre aje kusali kwenye maziko yake, ikiwa askofu mkuu wa Paris ataruhusu. Maneno hayo yalijulikana mwaka uo huo wa 1941 kwa barua ya mjane wake, na tangu hapo yamesomwa na watu wasioweza kuhesabika. Angalia basi: karatasi yenyewe iliyokataza karatasi zake zisitangazwe, ndiyo iliyotangazwa kuliko zote. Wala sijamsikia mtu akimlaumu mjane yule. Maneno ya namna ile, katika mwaka ule, hayakuwa ya kufungiwa sandukuni.

Shauri langu mimi ni kwamba maneno yaliyosemwa hadharani, mlango ukiwa wazi, hayawezi kurudishwa. Bergson aliweza kuchoma alichokiandika nyumbani kwake. Hiyo ilikuwa haki yake, na mkewe alifanya vema kumtii. Lakini alichokimimina mbele ya watu mia kadhaa siku ya Ijumaa kilikwisha kuwa na wenyewe wengine. Alikuwa na haki ya kutaka kisiitwe kitabu chake. Hakuwa na haki, nadhani, ya kutaka kisikumbukwe. Najua wengine watanipinga, na watakuwa na wosia mkononi.

Tena najua jinsi mpaka huo uwezavyo kuteleza, kwa habari ya mtu wa pili, aliyekuja katika chuo kile kile miaka sabini baadaye. Michel Foucault alitoa somo lake la kwanza katika Collège de France tarehe 2 Desemba 1970. (Naye, kabla ya hapo, alifundisha Clermont-Ferrand, mji ule una bahati ya walimu.) Umati uliomjia ulikuwa kama ule wa Bergson. Watu walijaza kumbi mbili, wakaketi sakafuni na kwenye ngazi, hata mwaka 1976 akalisogeza somo lake kutoka jioni hadi saa tatu na nusu asubuhi, akitumaini vijana watashindwa kuamka. Hawakushindwa. Lakini mafundi wa mwandiko wa mkato hawakuwapo tena. Mahali pao palikuwa na mashine ndogo za kunasa sauti, zimepangwa mezani pake kwa wingi hata ilimpasa azisogeze apate pa kuweka karatasi zake.

Foucault alikufa tarehe 25 Juni 1984, na neno aliloliacha lilikuwa fupi kuliko la Bergson: asipigiwe chapa kitu baada ya kufa kwake. Kwa miaka kadhaa watu walitii, huku kanda za sauti zikipita mkono kwa mkono. Mwaka 1997 jamaa na rafiki zake walikubali kutoa kitabu cha kwanza, wakaweka kanuni ifananayo na shauri nililolitoa hapo juu: tutatoa yale tu aliyoyasema hadharani, kwa sababu hayo yalikwisha kutolewa na yeye mwenyewe. Kazi ilifanywa kwa adabu kubwa. Mahali kanda ilipokwisha na kugeuzwa, maneno yakapotea, wameonesha pengo. Mahali sauti haisikiki, wamesema haisikiki. Kukosa kwa mwandishi wa mkato hujificha ndani ya sentensi. Kukosa kwa kanda hujulikana. Katika jambo hilo mashine ni shahidi mwema kuliko sikio, ijapokuwa nayo haioni uso wa mnenaji.

Kisha mteremko ukaanza. Mafundisho ya miaka ya kwanza hayakuwa na kanda; basi mwaka 2011 yale ya 1970 hata 1971 yalitolewa katika karatasi alizoziandika kwa mkono wake. Mwaka 2013 Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ilinunua nyaraka zake, karatasi zipatazo 37,000, kwa bei ya euro karibu milioni 4. Na mwaka 2018 kikatoka kitabu kamili, Les Aveux de la chair, ambacho hakikusemwa hadharani hata siku moja kama kilivyo. Kweli alikwisha kukipeleka kwa mpiga chapa mwaka 1982, na mauti ilimkuta akikisahihisha. Huo ndio udhuru, nao si mdogo. Lakini kanuni ya mwaka 1997 haikuwa hiyo. Hatua moja imeita nyingine, na kila hatua ilikuwa na sababu yake njema.

Nakiri ya kuwa nami nimefurahi kwamba kitabu hicho kipo, ijapokuwa shauri langu halikitetei. Kwa maana Foucault, ambaye hakuwa mtu wa dini, aliimaliza miaka yake katika maktaba ya watawa wa Mtakatifu Dominiko mjini Paris, iitwayo Saulchoir, akiwasoma mababa wa Kanisa la kwanza: Klementi wa Aleksandria, Tertuliano wa Karthago, Yohane Krisostomo, Agostino wa Hipo. Alitaka kujua jinsi Wakristo wa zamani walivyojifunza kuichunguza mioyo yao na kuyakiri makosa yao. Watu aliowasoma, wengi wao wa Afrika ya kaskazini, maneno yao mengi yalitufikia kwa njia ile ile tunayoizungumza hapa. Agostino alihubiri, na waandishi wa mkato waliketi chini yake wakiandika.

Somo la mwisho la Foucault lilikuwa tarehe 28 Machi 1984, naye amekwisha kuwa mgonjwa. Alizungumza juu ya neno la Kiyunani parrhesia, ndilo lile ambalo katika Matendo ya Mitume sisi twalisoma ujasiri, pale wazee wa baraza walipomtazama Petro na Yohana. Alieleza jinsi neno hilo lilivyotumika kwa Wayunani, kisha katika Agano Jipya. Alikuwa na karatasi nyingine mbele yake ambazo hajazisoma. Akawaambia wasikilizaji ya kuwa alikuwa na mambo zaidi ya kusema, lakini saa imepita; akawashukuru, akanyamaza, na mashine zikazimwa. Mwaka 2009 somo hilo lilipopigwa chapa, zile karatasi ambazo hazikusomwa ziliwekwa chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo.